Kuandika herufi za Kichina: mstari upi uanze, upi ufuate

Wengi wanaoanza Kichina huichora herufi kama picha. Mradi umbo limefanana, wameridhika. Mambo huenda vizuri mpaka herufi zinapokuwa nyingi, hapo ndipo zinaanza kuchanganyika. Anayefuata mpangilio mmoja kila siku ana nafuu: kichwa kikisahau, mkono hukumbuka.

Hatua ya 1: Karatasi

Brashi na wino viache kwanza. Chukua penseli na daftari la hesabu lenye miraba. Tenga miraba minne iwe mmoja mkubwa, utapata msalaba katikati. Huo ndio tianzige, mraba ambao watoto wa shule China hujifunzia kuandika. Msalaba utakuonyesha herufi imeegemea upande gani.

Hatua ya 2: Mistari yenyewe

Mstari mmoja ni kila unachoandika tangu ncha iguse karatasi mpaka iinuke. Heng hulala, kutoka kushoto kwenda kulia. Shu hushuka wima. Pie hushuka ikielekea kushoto, na ule uitwao "na" hushuka ukielekea kulia. Dian ni nukta, ti hupanda kwenda kulia. Halafu kuna kona (zhe) na ndoano (gou), ambazo huungana na mstari mwingine bila kalamu kuinuka.

Hapo kwenye kona ndipo wanaoanza wanapokwama. Tazama 口. Macho yanaona pande nne, lakini mistari ni mitatu: shu ya kushoto, kisha heng ya juu inayokata kona na kushuka kulia, yote kwa mkupuo mmoja, mwisho heng ya chini. Ukiiandika kwa mistari minne hesabu imeharibika, na kamusi ya karatasi hutafutwa kwa hesabu hiyo. Andika ukurasa mzima wa 口 kabla hujaendelea. Inachosha, lakini umbo hilo utakutana nalo kila mahali.

Hatua ya 3: Kanuni

Juu kabla ya chini: 三. Kushoto kabla ya kulia: 川. Kinacholala kabla ya kinachosimama: 十. Pie kabla ya "na": 人. Nje kabla ya ndani: 月. Katikati kabla ya pembeni, pande mbili zinapolingana: 小.

Usizikariri kama shairi. Ziandike, zitakuingia.

Hatua ya 4: Fungua herufi moja taratibu

Chukua 国, "nchi", yenye mistari minane. Anza na shu ya kushoto, kisha heng yenye kona inayoshuka kulia. Sasa una fremu isiyo na sakafu. Ingia ndani: heng, heng, shu, heng, halafu nukta. Ndipo uweke heng ya chini. Walimu wa China huwaambia watoto: watu waingie kwanza, ndipo mlango ufungwe.

Hatua ya 5: Zile kaidi

火 huanza na pembeni, nukta ya kushoto kisha pie fupi ya kulia, ndipo pie na "na" za katikati zifuate. Katika 这, kile kinachobeba kutoka chini huandikwa mwisho. Lakini katika 起, 走 huandikwa yote kwanza, ndipo 己. Hapa usibishane na kanuni, jifunze zilivyo.

我 ndiyo inayowasumbua wengi: pie, heng, shu yenye ndoano, ti, mstari mrefu wa mshazari wenye ndoano, pie, kisha nukta ya juu kulia. Nukta hiyo ni ya mwisho kabisa, ingawa iko juu.

Hatua ya 6: Chagua mfumo mmoja

Video za mtandaoni huchanganya mifumo. Mfano 王: China huandika heng, heng, shu, heng, Japani huweka shu mara tu baada ya heng ya kwanza. Kama unajiandaa na HSK, mtihani wa kupima Kichina cha wageni, fuata China bara. Mpangilio wake rasmi wa sasa unahusu herufi 8,105 na ulianza kutumika Machi 2021.

Hatua ya 7: Jipime kwa simu

Tazama herufi ikiandikwa, iandike mara chache ukitaja majina ya mistari kwa sauti, kisha ifunike na uandike bila kuangalia. Halafu ongeza kwenye simu kibodi ya Kichina iitwayo bihua. Ina vitufe vitano tu vya mistari: heng, shu, pie, dian na zhe. Ti huhesabiwa heng, mstari wa "na" huhesabiwa dian, na shu yenye ndoano ya kushoto hubaki shu. Kwa 我 bonyeza pie, heng, shu, heng, zhe, pie, dian. Isipotokea, rudi kwenye daftari utafute ni mstari gani ulioruka foleni.