Namna ya kuipa rasilimali namba zake tatu

Vijana wanaoanza jiolojia hapa Dodoma huniuliza kwanza, "Kuna tani ngapi?" Swali hilo liweke pembeni. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha rasilimali kama madini, UNFC, huzipa tani hizo namba tatu, kwa mpangilio usiobadilika: E ni uchumi, mazingira na jamii, F ni utayari wa mradi kiufundi, G ni uhakika wa kiasi kilichoko ardhini. Namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri, kwa hiyo 111 (yaani E1, F1, G1) ndiyo daraja la juu.

Mimi huanza na G, maana hapo ndipo watu hudanganyana. Tuseme umeokota mawe yenye dalili za nikeli huko Haneti, hujachoronga hata shimo moja. Hiyo ni G4. Ukichoronga, na mashimo yakikaribiana, unasogea G3, G2, hadi G1. F yako ni 3, taarifa hazijatosha kupima mradi. E nayo 3, bado mapema. Andika 334, wala usione haya.

Leseni ya utafutaji haikupi E1, mdogo wangu. Wanakijiji wakigoma, au maji ya kuchenjulia madini yakikosekana (na huku kwetu maji ni kesi), hata G1 haikusaidii. Hata upepo wa Singida, wa kuzalisha umeme, unaweza kupimwa kwa herufi hizohizo.