SOMO: Kula sikukuu nyumbani Uchagani bila kushuka mgonjwa

Wakuu, kila Desemba ikiingia maswali ni yale yale: nile nini, niache nini, dawa nifanyeje. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naweka yote hapa. Mimi ni muuguzi, nahudumia wagonjwa wa kisukari na presha, na kwetu ni Kilema, Kilimanjaro. Somo hili ni la sisi tunaopanda mlimani kabla ya Krismasi na kushuka mwaka mpya ukishaingia.

Tuelewane kwanza. Sahani moja ya Krismasi haimdhuru mtu. Kinachotuumiza ni zile siku za kupita nyumba kwa nyumba, kila shangazi kakupikia, na usipoonja unaambiwa mjini kumekuharibu. Kwa hiyo sifundishi kukataa chakula cha watu. Nafundisha kukipokea.

1. Pima presha na sukari kabla ya safari.

2. Beba dawa za siku zote utakazokaa, na za siku chache za ziada. Usitegemee duka la dawa la kijijini tarehe 25.

3. Usitoke nyumbani na njaa. Bakuli la mtori (supu ya ndizi na nyama) asubuhi linatosha.

4. Ukiwa kwa watu. Ukiruhusiwa kujipakulia, anza na mboga na kachumbari, kisha nyama ya ukubwa wa kiganja, wali au machalari (ndizi za nyama) mwisho. Kula polepole, maana tumbo huchukua kama dakika 20 kutoa taarifa kwamba limeshiba. Ukipakuliwa mlima, sema mapema, kabla hujagusa: "Mama, hiki nifungie niende nacho." Hakuna mama wa Kichaga atakayechukia, atakutafutia jani la mgomba mwenyewe. Ukiacha nusu sahani ndiyo utamuudhi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo ina njia yake: pokea kata (kibuyu cha kunywea) kwa heshima, onja, mpe wa pembeni yako. Kata ikishazunguka hakuna anayepima umemeza kiasi gani. Anayeshika chupa yake mwenyewe ndiye anayemaliza bila kujua.

Soda tunaisahau kwa sababu si pombe. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, kijiko kimoja ni kama gramu nne. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Nyumba tatu, soda tatu, piga hesabu.

5. DAWA. Hapa ndipo panapoharibika kila mwaka, someni taratibu. Mtu anaacha dawa "ili pombe isigombane nazo", au anameza dawa ya kisukari halafu anakunywa bila kula. Hilo la pili ni baya zaidi. Ini likiwa linashughulika na pombe linashindwa kutoa sukari kwenye damu kama kawaida. Ukichanganya na insulini au vidonge kama glibenclamide, sukari inashuka mpaka mtu anaanguka. Na dalili zake zinafanana na ulevi: jasho, kutetemeka, maneno kukorogeka, hasira bila sababu, miguu kupepesuka. Watu wanasema "kalewa, mlazeni", wanamfunika blanketi, wanarudi kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Nimempokea mgonjwa aliyelazwa hivyo tangu saa mbili usiku, kaletwa alfajiri hajitambui, na nguo zimelowa jasho.

ONYO: mwenye kisukari akionekana amelewa, msimlaze kabla hamjampima. Kama hamna kipimo na anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, na baada ya dakika 15 mwangalieni tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa hajitambui msimtie chochote mdomoni, mpelekeni hospitali usiku huo huo.

6. Nyama ikaguliwe na mtaalamu wa mifugo. Mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata awe amenona vipi, kwa sababu ya kimeta. Kisusio (supu ya damu) kiive. Damu mbichi acheni.

7. Pilau likilala kwenye sufuria jikoni, msile. Kuna bakteria wa wali anayeacha sumu isiyoharibika hata mkichemsha upya. Gaweni kwenye vyombo vipana lipoe, liingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Msitegemee ubaridi wa mlimani.

8. Tembelea ndugu kwa miguu. Dakika 15 za kutembea baada ya kula zinasaidia kushusha sukari.

Maswali karibuni.

MASWALI

Rombo_Kwetu: Refu sana mkuu, weka kwa kifupi.
Mleta mada: Soma hatua ya 4 na ya 5.

Kaka_Mkubwa: Mimi dawa ya presha naiacha tarehe 24 hadi 26 ili ninywe vizuri, tarehe 27 nameza zote kwa pamoja. Mwaka wa ngapi huu, na niko fiti.
Mleta mada: Acha kufanya hivyo. Dozi uliyoruka haifidiwi kwa kumeza mbili, presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Na presha iliyopanda haiumi, kwa hiyo kujisikia fiti si kipimo. Umepima lini?
Kaka_Mkubwa: Sijapima muda.
Mleta mada: Kapime kesho, kisha urudi hapa tuongee.

MamaJunior: Dada, asante kwa hilo la kufananisha na ulevi, sikulijua kabisa. Mama anatumia insulini na tunapanda na basi kutoka Dar. Itakaaje njiani?
Mleta mada: Umeuliza vizuri. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Anayoitumia sasa, aina nyingi huvumilia joto la kawaida la ndani kwa takriban wiki nne, ila someni karatasi yake. Kwenye basi ibaki kwenye mkoba wa mama, msiiweke kwenye buti, mle ndani mnachemka. Mkibeba barafu, ifungeni kwa taulo isigusane na chupa, maana insulini ikiganda imekufa, itupeni. Abebe na biskuti au sukari kidogo, basi likichelewa na chakula kinachelewa. Mkifika, mwambieni hata mmoja wa wapishi kwamba mama anachoma insulini.

Mangi_Kijana: Mbona mzee wangu kila Krismasi kidole gumba cha mguu kinavimba usiku, shuka likigusa tu analia? Bibi anasema karogwa.
Mleta mada: Mpeleke akapimwe jongo. Nyama nyekundu, maini, figo na pombe, hasa bia, hupandisha asidi ya yuriki, na hiyo ikiganda kwenye kiungo maumivu ni kama unavyoyaeleza. Kwa sasa anywe maji ya kutosha kama hana tatizo la figo wala moyo, na supu ya maini aipishe. Bibi usibishane naye, mwambie tu mzee anakwenda kupima.

Sikukuu_Njema: Kwa hiyo ndafu tusile?
Mleta mada: Hatua ya 4, kiganja kimoja.

Kibosho_Juu: Mtori bila siagi mimi naona kama uji wa mgonjwa. Mnaupikaje?
MamaJunior: Chemsha nyama ya mfupa mpaka iachie, supu ikipoa engua mafuta ya juu. Ndizi mshare zipikie kwenye supu hiyo hiyo na kitunguu, ziponde kwa mwiko zikiwa za moto. Utamu unatoka kwenye mfupa.
Mleta mada: Na chumvi weka mwisho, baada ya kuonja. Mimi naongeza ndimu kidogo, chumvi inapungua bila mtu kugundua.
Kibosho_Juu: Ndimu kwenye mtori? Hiyo ni ya Kilema peke yenu. Nitajaribu tarehe 24, nitaleta majibu.