Mzinga umekuwa mkali ghafla? Angalia kwanza kama malkia yupo

Una mizinga miwili mitatu nyuma ya nyumba, umekaa nayo vizuri tu, alafu wiki moja nyuki wa mzinga mmoja wanaanza kukufukuza mpaka mlangoni. Wengi hapo wanawaza kuuchoma moto. Usikurupuke.

Kama mizinga yote imechachamaa pamoja basi sababu iko nje, maua yamekwisha, au nyuki wanaibiana asali, au kuna mnyama anawasumbua usiku. Punguza upana wa milango ya mizinga na usiache asali wazi. Ila ukikuta ni mmoja tu, mi huwa nashuku malkia.

Vaa kamili, buti na glavu, watoto na mifugo wawe mbali. Pulizia moshi mlangoni, subiri dakika mbili ndio ufungue. Ukiumwa kwangua mwiba haraka na upulizie moshi hapohapo, maana ile harufu kama ya ndizi mbivu inaita wenzake. Mtu akianza kuvimba uso au kupumua kwa shida ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri.

Mzinga usio na malkia ukiufungua mara nyingi unavuma kama unalalamika, na hautulii. Huna haja ya kumtafuta malkia mwenyewe, tafuta mayai, geuza mgongo kwenye jua uinamishe fremu (ule mbao unaoshika sega) mwanga uingie chini ya vijumba vya sega, utaona kama vipande vidogo vya mchele. Yai linakaa siku 3 tu kabla ya kuanguliwa kwahiyo ukiliona ujue malkia alikuwepo juzi hapa.

Hakuna mayai? Bado usikimbilie kununua malkia. Anaweza kuwepo mwari ambaye hajapandwa, maana kutoka yai mpaka malkia kutoka ni siku 16, alafu akomae, aruke akapandwe, aanze kutaga, unafika karibu mwezi. Mimi nilishaingiza malkia mpya mzinga wenye mwari, kesho yake nikamkuta kafa mlangoni, hela imeenda.

Kipimo kizuri ni kuchukua sega lenye mayai na viluwiluwi wachanga kabisa kutoka mzinga mpole, kung'uta nyuki wote, hakikisha hujabeba malkia wa watu, liweke katikati. Baada ya siku 3 au 4 angalia. Wakiwa wamejenga vijumba vinavyoning'inia kama karanga basi hawana malkia na wameshaanza kujitengenezea, waache. Wasipojenga, uwezekano mkubwa yupo.

Ukikuta mayai mengi kwenye kijumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, na majana (watoto wa nyuki) ya madume yamevimba hovyohovyo, hapo vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wenyewe ndio wanataga. Huo mzinga ukiupa malkia watamuua. Wape sega la majana kila wiki kwa wiki tatu hivi mpaka waanze kujenga vijumba vya malkia, au jioni uunganishe na mzinga wenye nguvu ukitenganisha maboksi kwa gazeti, watalitafuna wenyewe polepole huku harufu zinachanganyika.

Sasa kama malkia yupo, anataga vizuri, na bado ni wakali kila siku, hiyo ni damu yao. Badilisha malkia. Mchana nyuki wakiwa kazini sogeza mzinga pembeni hatua kadhaa, pale pa zamani acha boksi lenye fremu moja mbili, wazee ambao ndio wakali watarudi huko na wewe utabaki na vijana wa kupekua kwa amani. Mtoe malkia wa zamani, ingiza mpya akiwa kwenye kikebe chake.

Ukali hautaisha kesho. Kibarua msimu wa kazi anaishi wiki 6 hivi, kwahiyo wapole wanaongezeka wazee wakifa. Miezi miwili ikipita na bado wanakufukuza, fungua uangalie kama malkia ni yuleyule uliyemuweka, ndio maana mtie alama ya rangi mgongoni kabla hujamwingiza.