Kabla hamjalipia ukumbi, ulizeni jua linazama saa ngapi

Kamati ya harusi inaweza kukaa vikao miezi mitatu. Itajadili michango, sare, vinywaji vya kila meza, keki na MC. Mimi mpiga picha huitwa kikao cha mwisho na kuulizwa nitakuja na kamera ngapi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii Dar es Salaam, ni wachache mno walioniuliza jua litazama saa ngapi siku hiyo, na hilo ndilo ningependa lijadiliwe kabla ya ukumbi kulipiwa.

Tumezoea kusema giza huingia wakati uleule mwaka mzima. Sivyo. Mei na Juni, jua la Dar huzama kama saa 12 na robo jioni. Mapema Novemba ni karibu vilevile. Februari hukaa hadi saa 12 na dakika 45 na ushee. Nusu saa hiyo kwangu ni nyingi sana. Kuijua saa ya tarehe yenu ni rahisi: chukueni kalenda ya swala ya msikiti wa jirani mtazame Magharibi, kwa sababu adhana hiyo hutolewa jua likishazama tu. Hata harusi za kanisani nazipanga kwa kalenda hiyo.

Mkishaipata, hesabuni kurudi nyuma. Huku kwetu jua hushuka karibu wima, na likishazama mnabakiwa na dakika 20 hivi za mwanga unaofaa. Picha nzuri za nje hupatikana katika saa moja na nusu kabla ya hapo, jua likiwa limepoa. Kwa harusi ya Juni, maharusi wawe wamefika bustanini saa 11 kasoro robo. Toeni muda wa foleni, toeni nusu saa ya pongezi na picha za ndugu nje ya kanisa, toeni misa yenyewe. Mtajikuta mnaomba ndoa ya saa 7 mchana, si ya saa 9. Ndoa inayofungwa baada ya Alasiri ina nafasi finyu zaidi. Hapo naomba bibi harusi awe tayari mapema nimpige peke yake nyumbani, bwana harusi akiwa bado hajafika.

Saluni ndiyo inayokula muda kuliko yote. Kuna Juni moja bibi harusi alitoka saluni saa 9 wakati misa ilikuwa ya saa 8. Tulifika bustanini saa 12 na dakika tano. Bibi yake mzaa mama alikuwa amesafiri kutoka Songea, amefunga khanga mpya, akaniuliza, "Mjukuu wangu, na mimi nisimame wapi?" Zamu yake ilipofika mwanga ulikuwa umekwisha, nikampiga kwa fleshi. Picha ipo, lakini uso umekuwa bapa; ile mikunjo iliyozunguka macho yake alipocheka haionekani. Bado inaniuma. Kwa hiyo wazee wapigwe kwanza, nje ya kanisa, upande wa mashariki wa jengo, ambako alasiri kuna kivuli.

Kivuli hicho nakisisitiza kwa sababu ya ngozi zetu na shela jeupe. Kwenye jua la saa 7, kamera ikifuata shela, uso unakuwa giza. Ikifuata uso, urembo wote wa lesi unayeyuka na kubaki weupe mtupu. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri Dar hupita utosini kabisa na macho hubaki mashimo meusi. Epukeni pia mwembe unaopitisha madoa ya jua usoni.

Wengi huniomba picha ya jua likizama baharini. Pwani ya Dar inatazama mashariki. Coco Beach na Bagamoyo, jua huzama nyuma yenu, nchi kavu. Mkitaka lizame majini, vukeni Unguja, Forodhani au Kendwa. Paje na Jambiani ni za macheo, na ni lazima muulizie kupwa na kujaa, maana bahari huko hurudi mbali sana.

Chumba cha kuvalia kiwe na dirisha kubwa. Fungueni mapazia, zimeni taa, ondoeni mabegi kitandani. Mama anapomfunga mwanawe vifungo vya mgongoni, mwanga wa dirisha ukiwapiga kwa ubavu, huoni tu shela, unaona na vidole vya mama vinavyotetemeka. Hakuna taa ya ukumbini itakayokupa hiyo, hasa zile za zambarau.

Mawingu yasiwatie hofu, hulainisha mwanga. Mvua ya masika ndiyo ya kuandalia baraza pana na miamvuli miwili mieupe. Mteueni shangazi mmoja anayesikilizwa, awaondoe maharusi kwenye pongezi muda ukifika, na dereva wao aijue saa hiyo. Wiki moja kabla, nendeni mahali pa picha saa ileile mtakayopigwa, msimame pale, mwone jua linatokea wapi na jengo gani linalikinga.