Namna ya Kuijua Bei ya Mchezo wa Bahati Kabla ya Kuweka Dau

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa aina moja: mfanyakazi wa Unguja au Pemba anayesuka mkeka wake wa Jumamosi kwa simu, yaani orodha ya mechi anazozibashiria kwa dau moja, ambaye mara chache kwa mwaka huvuka kwenda Dar es Salaam akapitia kasino usiku, na ambaye siku zake nyengine zote ni za kazini, msikitini, nyumbani na barazani. Haukuandikwa kumshawishi asiyecheza aanze. Katika visiwa ambavyo wakaazi wake karibu wote ni Waislamu, aya ya 90 ya Suratul Maida, iliyoitaja kamari pamoja na ulevi, inajulikana na kila mtu, na aliyejiepusha kwa sababu hiyo hana haja ya hesabu zinazofuata. Lakini wanaocheza wapo, ni ndugu na majirani zetu, na wengi wao hupoteza zaidi ya walivyokusudia kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha bei ya kitu wanachokinunua.

Bei hiyo ipo siku zote, isipokuwa haikuandikwa mlangoni kama ya tiketi ya taarab. Imefichwa ndani ya odi, yaani namba inayozidishwa kwa dau lako ukishinda, ndani ya gurudumu na ndani ya mashine, na mchezaji ndiye anayepaswa kuitoa humo mwenyewe. Kazi hiyo inahitaji kalamu, karatasi na hesabu za skuli ya msingi.

Tuanze na mkeka, kwa kuwa ndio unaochezwa zaidi. Chukua mechi yoyote, tuseme ya KMKM na Mlandege, na tuseme kampuni ya ubashiri imeweka odi ya 2.10 kwa timu ya nyumbani, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa timu ya ugenini. Gawanya 100 kwa kila odi, utapata 47.6, 31.3 na 29.4, kisha jumlisha, na jawabu ni 108.3. Mechi haina tokeo la nne, kwa hiyo odi hizi zingekuwa za haki kama jumla ingekuwa 100 kamili, hiyo 8.3 iliyozidi ndilo chumo la kampuni, na maana yake ni kwamba fedha zikigawanyika kwa uwiano huo, katika kila shilingi 1,000 zilizowekwa takriban shilingi 76 hubakia kwao, awe ameshinda nani. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mechi hiyo hiyo katika kampuni mbili au tatu, na ile ambayo jumla yake iko karibu zaidi na 100 ndiyo inayokutoza kidogo. Ni kazi ya dakika tano, na kwa anayecheza kila wiki ina faida kubwa kuliko ubashiri wa rafiki yeyote.

Jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui ni kwamba chumo hilo hukatwa upya katika kila mechi unayoiongeza kwenye mkeka. Fikiria mechi kumi ambazo kila moja ina pande mbili zilizo sawa kabisa, ambapo odi ya haki ingekuwa 2.00 lakini kampuni inatoa 1.90. Ukiweka shilingi 1,000 katika mechi moja tu, bei ya mchezo wako ni shilingi 50. Ukizifunga mechi zote kumi pamoja, uwezekano wa kupatia zote ni mara moja katika mara 1,024, na malipo ya haki yangekuwa shilingi 1,024,000. Kampuni itakulipa takriban shilingi 613,000. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba ile ile shilingi 1,000 sasa inatozwa takriban shilingi 400, yaani mara nane ya bei ya mwanzo. Ndiyo sababu matangazo ya bonasi huelekezwa zaidi kwenye mikeka mirefu.

Mtu atasema kwamba yeye hachagui mechi za nusu kwa nusu, bali huchagua timu kubwa ambazo haziwezi kufungwa. Na tumkubalie, tuseme kila timu katika kumi zake ina nafasi 80 katika 100 za kushinda, ambayo ni nafasi nzuri sana katika mpira. Zidisha 0.8 kwa yenyewe mara kumi na utaona kwamba mkeka mzima una nafasi zisizofika 11 katika 100. Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu zaidi: uwezekano wa mkeka huo kuchanwa na timu moja tu, tisa zote zikiwa zimepatia, ni takriban 27 katika 100. Kuchaniwa na timu moja, kwa mkeka wa namna hiyo, ni jambo la kawaida mara mbili na zaidi kuliko kushinda. Anayelala akiamini kwamba amebakisha kidogo tu, na kwamba wiki ijayo zamu yake inafika, anaisoma kama ishara hali ambayo hesabu yenyewe huizalisha karibu kila wiki ya nne.

Kutokana na hayo, ushauri juu ya mkeka ni mfupi. Atakayecheza acheze mechi moja, au mbili kwa wingi. Aamue kiasi cha mwezi mzima siku ya kupokea mshahara, baada ya kodi, chakula, ada za skuli na mchango wa upatu kutoka. Na kiasi hicho akiweke katika laini ya simu tofauti na ile inayopokea mshahara, ili kikiisha kiwe kimeisha kweli. Laini moja inayobeba kila kitu humfanya mtu aweke dau la pili saa tano za usiku kabla hajafikiri.

Safari ya kasino ina hesabu nyengine, na inaanzia bandarini Malindi. Boti ya mwendo kasi kutoka Unguja hadi Dar es Salaam huchukua muda wa saa mbili hivi, lakini boti husafiri mchana na kasino huchangamka usiku, kwa hiyo huwezi kuigharamia safari hii bila ya kuhesabu malazi. Anayetoka Mkoani au Wete atahesabu bahari mbili. Nunua tiketi ya kurudi kabla ya kuondoka, lipa chumba kabla ya jioni, kula ushibe, kisha nenda na fedha taslimu ulizozipanga peke yake, ukiiacha kadi ya benki na, ikiwezekana, simu yenye fedha chumbani. Chukua kitambulisho, kwa kuwa sheria inataka mchezaji awe ametimiza miaka 18. Kasino za Bara ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mahali pasipoonyesha leseni yake hapafai kuingia hata kwa kutazama.

Ukiwa ndani, bei ya saa moja hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: dau lako, idadi ya mara unazocheza kwa saa, na sehemu inayobakia kwa kasino. Gurudumu la ruleti la Kizungu lina vyumba 37 vya kuangukia kijimpira, namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri moja. Ukiweka kwenye nyekundu una vyumba 18 kati ya 37, na malipo ni sawa na dau. Sehemu ya kasino ni moja katika 37, yaani asilimia 2.7. Mtu anayeweka shilingi 5,000 mara 40 kwa saa amepitisha mezani shilingi 200,000, na bei ya saa yake ni takriban shilingi 5,400. Gurudumu lenye sifuri mbili lina vyumba 38, na saa ile ile, kwa dau lile lile, inagharimu takriban shilingi 10,500. Kwa hiyo kabla ya kukaa lichungulie gurudumu, na ukiona sifuri ya pili ondoka.

Mashine za sloti ni rahisi kuzitazama na ni ghali kuzicheza. Tuseme mashine inarejesha 92 katika kila 100, na mtu anabonyeza shilingi 500 kila baada ya sekunde sita. Hiyo ni mara 600 kwa saa, shilingi 300,000 zimepita, na bei ya saa hiyo ni shilingi 24,000, zaidi ya mara nne ya yule aliyekaa kwenye ruleti na dau lililo kubwa mara kumi. Kasi ndiyo inayokula. Meza yenye watu wengi, ambapo mgawaji hukawia na wachezaji huzungumza, ni nafuu kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye karata, ishirini na moja (blackjack) ni mchezo mzuri kwa aliyejifunza kanuni zake nyumbani, lakini soma maandishi ya juu ya meza: kwa dau la 10,000, meza inayolipa tatu kwa mbili itakupa 15,000 ukipata mkono kamili, yaani jumla ya 21 kwa karata mbili za mwanzo, na inayolipa sita kwa tano itakupa 12,000 tu. Katika bakara, mchezo wa karata wa kubashiri upande upi kati ya miwili utashinda, usiguse dau la sare, ambalo huiachia kasino zaidi ya 14 katika 100.

Makadirio haya ni ya wastani, na usiku mmoja unaweza kwenda juu au chini sana ya wastani. Usikubali kuambiwa kwamba kuna njia ya kuushinda. Njia inayosifiwa zaidi ni ya kuongeza dau maradufu kila unapopoteza. Anayeanza na 5,000 na kupoteza mara saba mfululizo atakuwa ametoa 635,000, na dau lake la nane litakuwa 640,000, lote hilo kwa ajili ya kupata faida ya 5,000. Mara saba mfululizo si miujiza: katika ruleti ya sifuri moja hutokea takriban mara moja katika kila mara 106 unazoanza mnyororo huo, na meza nyingi zina kiwango cha juu cha dau kitakachokuzuia hata kama mfuko haujaisha. Gurudumu halikumbuki. Huko Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, nyeusi iliangukia mara 26 mfululizo, na waliofilisika usiku ule ni wale walioamini kwamba nyekundu ilikuwa imechelewa.

Baada ya kuijua bei, iweke karibu na bei za burudani nyengine unazozipenda, na ulinganishe kwa haki. Hapa ndipo Mzanzibari ana bahati ambayo wengi hawaihesabu. Kinachompendeza mchezaji ni kutojua mwisho utakuwaje, na raha hiyo inapatikana barazani bila ya kulipia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja huanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi, na katika kunamua, yaani hatua ya kuziingiza kete za mkononi ubaoni, kete moja iliyowekwa vibaya hukuvunjia nyumba uliyoilinda tangu mwanzo. Wazee wanaoangalia huanza kuguna kabla mkono wako haujafika shimoni. Hakuna mashine inayokupa saa mbili za namna hiyo, na ukishindwa unaondoka na shilingi zako zote. Dhumna na keram vivyo hivyo, ilimradi pasiwekwe fedha mezani, kwani ikiwekwa shilingi moja tu mchezo umebadilika na watu wamebadilika. Ziongeze juu yake usiku wa taarab wa Culture Musical Club au wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, na tamasha la Sauti za Busara la mwezi wa Februari, kisha uangalie ni mausiku mangapi ya muziki ungeyanunua kwa safari moja ya kasino pamoja na boti na chumba. Wengi wanaoifanya hesabu hiyo kwa dhati hupunguza safari wenyewe, bila ya kuhimizwa na mtu.

Mwisho ni juu ya dalili, na mimi nazichukulia kwa uzito mkubwa kuliko hesabu zote zilizotangulia. Ukikopa ili ucheze, ukigusa fedha za upatu, ukimficha mke au mume wako salio, au ukiongeza dau ili kurudisha kilichopotea, mchezo umeacha kuwa burudani na bei yake haihesabiki tena kwa kalamu. Hapo iandikie kampuni ifunge akaunti yako, mkabidhi mtu unayemwamini ile laini ya simu, na mwambie mmoja katika jamaa zako kiasi halisi unachodaiwa, kiasi kamili, bila ya kukipunguza. Hamu ikiwa haikuachi usingizini, Hospitali ya Kidongo Chekundu mjini Unguja inahudumia maradhi ya akili, na kwenda kuonana na daktari kwa ajili ya hili si aibu zaidi ya kwenda kwa ajili ya presha.