Kufundisha nano kwa watoto wa S2 (sekondari mwaka wa pili) na beseni tu

Mwalimu mwenzangu, usianze na kuandika ubaoni eti nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Watakariri, mtihani ukipita wamesahau. Anza na beseni.

Jaza maji, acha yatulie kabisa, alafu nyunyiza poda ya watoto juu, kidogo saaana, ukizidisha poda, mafuta hayasambai na hapo ndio wengi wanakwama. Changanya mafuta ya zeituni na spiriti, sehemu moja kwa elfu, dondosha tone moja katikati. Poda inakimbia pande zote linabaki duara wazi, darasa litapiga kelele, waache tu. Wapime upana wa duara kwa rula, wapate eneo, wagawe ujazo wa mafuta kwa hilo eneo, hapo wanapata unene wa tabaka la mafuta. Ujazo wa tone wanaupata kwa kuhesabu matone yanayojaza mililita moja, na wasisahau kugawa kwa elfu maana spiriti yenyewe si mafuta. Jibu likiangukia karibu na nanomita 2 ndio sasa uwaambie nano ni nini, maana wameipima wenyewe na rula ya plastiki.

Kipindi cha pili ni cha eneo la nje la kitu, yaani eneo la nyuso zake zote, na kwangu mimi hii ndio nano yenyewe, udogo peke yake si kitu. Mchemraba wa sentimita 1 una sentimita za mraba 6, ukiukata vipande vya milimita 1 zinakuwa 60, ukifika vipande vya nanomita 1 ni mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira! Wape sukari guru, bonge moja na nyingine iliyotwangwa, uzito sawa, watie kwenye maji waone ipi inaisha kwanza na wakuambie kwa nini.

Wale wanaochoka na hesabu watume shambani walete majani ya mayuni (majimbi). Maji yanabingirika juu yake bila kulowesha, sababu ni vinundu vidogo na nta ya saizi ya nano. Wasugue sehemu moja kwa kidole wamwagie tena, hapo maji yatashika.

Ukibaki na muda kuna penseli na seloteip. Wanasayansi Geim na Novoselov walibandua grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, kutoka grafaiti, ile nyeusi iliyo kwenye penseli, kwa seloteip hivyo hivyo mwaka 2004, Nobel wakapata 2010. Watoto wako hawataiona kwa macho, ila wabandue tabaka mara kadhaa, alafu kila kikundi kichore kinachodhani kimebaki kwenye seloteip. Mimi michoro hiyo ndio naipa alama, si definisheni.