"Fire" ya kazini si moto: mlioko Uingereza, someni barua zenu

Wana Tanga wenzangu, shuleni tulifundishwa "fire" ni moto, tukaishia hapo. Kazini maana yake ni kufukuzwa, na kufukuzwa kwa kosa au kwa kazi mbovu.

Wengi wanaumia hapa. Kampuni imepunguza watu, mtu hana kosa lolote, halafu kwenye usaili wa kazi mpya anasema "I was fired", maana kichwani ana "nimeachishwa kazi". Kwetu kuachishwa kunabeba yote mawili. Kwa Mwingereza umeshajishitaki mwenyewe. Sema "I was made redundant", yaani nafasi yako ilipunguzwa. Tafadhali, usiseme "fired" kama hukufukuzwa!

Kwenye barua hutaliona "fire". Utaona "dismissed", ambalo kisheria linaingiza hata waliopunguzwa, kwa hiyo soma sababu inayofuata. Ikiwa "redundancy" na umemtumikia mwajiri huyo miaka 2 mfululizo, una malipo ya kisheria: kwa kila mwaka kamili, nusu ya mshahara wa wiki ukiwa chini ya miaka 22, wiki 1 kuanzia 22 hadi 40, wiki 1 na nusu kuanzia 41. Inahesabiwa miaka 20 tu, na serikali imeweka kikomo cha mshahara wa wiki. Ikiwa "gross misconduct", yaani kosa kubwa kazini, hakuna malipo hayo wala notisi. Sababu ya uongo usiisaini. Nyumbani ungekimbilia CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Huku anza na Acas, shirika la ushauri na usuluhishi wa migogoro ya kazi, ni bure, na usichelewe.

Moto wenyewe: piga 999. Wakiuliza "Fire, police or ambulance?", "fire" ni Zimamoto, kama 114 yetu. Mafuta ya kukaangia yakishika moto usimwagie maji, yatalipuka. Zima jiko kama unalifikia, toka, funga mlango.

Nanyi ndugu zetu wa Ngamiani kule Tanga, habari yenye kichwa "Minister under fire" haina maana waziri ameungua wala kupigwa risasi. Analaumiwa. Ulizeni kwanza kabla ya kuisambaza kwenye kundi la familia. Na mchezaji aliye "on fire" ni yuleyule tunayesema yuko moto.

Waingereza hupenda kufunika jambo zito kwa maneno laini. Bosi atakuita, atakupa chai, atasema "we're letting you go". Si ruhusa ya kuwahi nyumbani, kazi imekwisha. Usijibu asante ukaondoka. Mwombe aandike sababu.